Shukrani Upande Huu wa Ruvuma

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019, siku ya nne baada ya Pasaka, Mtwara ilikuwa ikingoja kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza kwamba Kenneth kinatoka upande wa Komoro na kinaelekea pwani yetu. Shule zilifungwa, wafanyakazi waliambiwa wabaki nyumbani, na wakazi wa sehemu za bondeni walihimizwa kuhamia mahali pa usalama. Watu walisali, Waislamu na Wakristo, kila mmoja kwa namna yake. Jioni ile kimbunga kikaingia nchi kavu kusini ya mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado. Kisiwani Ibo nyumba nyingi mno zilibomoka, Macomia mapaa yaling'oka, na waliokufa Msumbiji walizidi 40. Upande wetu tulivuka salama.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Dominika ya pili ya Pasaka, ile ambayo Wakatoliki huiita ya Huruma ya Mungu. Mkristo wa Mtwara aliyekwenda kanisani siku ile alikuwa na sababu nzito ya kushukuru. Lakini aseme nini? Akisema, "Asante Mungu kwa kutuepushia," sala yake inabeba swali ambalo halikwepeki: kimeepushwa kwetu, kikaenda kwa nani? Hakikwenda baharini kikaishia huko. Kilikwenda kwa Wamakonde na Wamakua wa ng'ambo, watu wenye majina kama yetu, wanaooa kwetu na kuzikwa kwetu. Mto huu waliufanya mpaka Wajerumani na Wareno katika karne ya 19, ndugu hawakuulizwa. Ukisimama Msimbati, mikoko inapoanza kuziba njia ya kwenda mlangoni mwa mto, Msumbiji si nchi ya kusimuliwa. Ni pale.

Nadhani mafundisho mengi kuhusu shukrani hayafiki hapo. Tunaambiwa tuhesabu baraka, tukumbuke kwamba kuna wenye hali mbaya kuliko sisi, na moyo utatulia. Moyo unatulia kweli, kwa muda. Lakini shukrani ya namna hiyo inahitaji daima pawepo mtu wa chini yetu wa kumtazama. Siku akipanda, nayo inashuka. Sura hii inatafuta shukrani nyingine, ambayo mtu anaweza kuiishi kila siku bila kuijenga juu ya msiba wa jirani.

Kuna sala ambayo kila Mtanzania ameisikia, kwenye jumuiya, kwenye kikao cha harusi, hata kwenye basi kabla halijaondoka kituoni. Anayeombwa kufungua kwa sala anaanza kwa kushukuru kwamba tumeiona siku hii. Wengi walitamani kuiona lakini wametangulia mbele ya haki, wengine wako hospitalini, wengine wako gerezani. Sisi tupo hapa, wazima. Kisha, ukiwa na bahati ya kusaliwa na mzee anayejua anachosema, anaongeza: si kwamba sisi tu wema kuliko wao.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoiokoa sala nzima. Bila hayo tungekuwa tumesimama karibu sana na yule Farisayo wa Luka sura ya 18. Watu humkumbuka kwa kiburi chake, wakasahau kwamba alichokuwa akifanya hekaluni ni kushukuru. Hakuomba kitu. Alimshukuru Mungu kwamba hakuwa kama watu wengine, akawataja hao wengine kwa makundi, na mwisho akamwonyesha mtoza ushuru aliyesimama nyuma kule. Yesu anasema hakurudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki. Hofu yangu ni kwamba shukrani ile haipatikani kwa Mafarisayo peke yao. Inapatikana kwa mzazi anayeshukuru kwamba wanawe si kama wa jirani, na kwa kijana aliyepata ajira anayeweka shukrani yake mahali ambapo wenzake wa shule lazima waione.

Sura moja tu kabla ya hiyo, Luka ameweka hadithi ya shukrani iliyokubaliwa. Ni hadithi ya mpakani. Yesu anapita kati ya Samaria na Galilaya, na wakoma kumi wanasimama mbali wakipaza sauti. Walikuwa wamechanganyika, Wayahudi na Msamaria, watu ambao wakiwa wazima wasingekaa pamoja. Ugonjwa uliwafanya kundi moja. Wote kumi wanatii, wote kumi wanapona wakiwa njiani. Mmoja anarudi, na huyo ni yule wa ng'ambo.

Kusini tuna sababu ya kuisoma hadithi hiyo kwa uangalifu. Wabenediktini waliofika Lukuledi mwaka 1895 na kufungua Ndanda mwaka 1906 walikuja pia kuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma, huko Mwena, karibu na Ndanda. Ukoma husababishwa na bakteria wanaoshambulia neva. Mgonjwa huanza kuona baka kwenye ngozi, na pale penye baka hapasikii sindano wala moto. Vidole haviozi vyenyewe, kama watu walivyodhani zamani. Vinaumia kwa sababu mwenye navyo haoni maumivu. Anashika sufuria la moto na kuliachia amechelewa. Anatembea na mwiba mguuni kutwa nzima. Kwa hiyo kupona kwake hakuishii kwenye dawa. Lazima afundishwe kutazama mikono na miguu yake kila jioni, kwa macho, kwa kuwa ngozi haitamwambia tena.

Mazoea yanafanya hivyohivyo moyoni. Kinachotufikia kila siku kinaacha kusikika. Huenda wale tisa hawakuwa wabaya. Walikuwa wamepata walichoambiwa, wakaendelea na safari ya kwa kuhani kama walivyoagizwa. Wa kumi alijitazama kwanza. Luka anasema waziwazi kwamba alirudi alipoona kuwa amepona. Na aliporudi hakujilinganisha na wenzake. Hakusema yeye ni bora kuliko wale tisa. Aliyeuliza wako wapi ni Yesu. Huyu wa kumi alikuwa amelala kifudifudi miguuni pake, shughuli yake ikiwa na mtu mmoja tu.

Kutazama huku kunahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu yetu ni fupi. Chukua barabara. Kijana wa leo anapanda basi Mtwara alfajiri na jioni yupo Dar es Salaam, analalamika kwamba basi halina soketi ya kuchajia simu. Mama yake anaijua safari nyingine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na mto ukifurika masika, Kusini ilikatika. Magari yalikwama kwenye tope siku na siku, abiria wakapika kando ya njia, watoto wakazaliwa safarini, na mwenye nauli akaona afadhali meli. Aliyekuwa na mgonjwa wa kupeleka Muhimbili alijua kwamba mvua inaweza kuamua. Sasa daraja lile lenye urefu wa karibu kilomita moja tunalipita tukiwa tumelala.

Simwambii kijana aache kudai soketi. Namwambia amwombe mama yake amsimulie. Shukrani isiyo na historia inakuwa maneno ya adabu tu, na historia hiyo haiko kwenye vitabu vyake. Iko kwa watu waliokaa siku kadhaa kwenye tope la Somanga na ambao hakuna aliyewauliza.

Kanisa lenyewe huku Kusini lilianza na watu wenye historia ya namna hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wengi wao wakiwa wametoka pande za Ziwa Nyasa. Walishuka Lindi, wakaingia bara. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na kwao. Walipofika Masasi, penye yale majabali na ardhi nzuri, wakaamua kukaa hapohapo. Hawakufika nyumbani. Kwao hakukuwa mbali sana tena, lakini hawakufika. Na miaka sita tu baadaye, mwaka 1882, Wangoni, walioitwa Magwangwara, walikivamia kijiji chao na kuchukua mateka. Watu waliowahi kufungwa minyororo wakaona ndugu zao wanafungwa tena. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa, na Nyangao na Lukuledi zikachomwa pia.

Ibada ya shukrani iliendelea kufanyika. Kwa Waanglikana wa Masasi na kwa Wakatoliki wa Ndanda, Ekaristi ndiyo shukrani yenyewe, na haikungoja mambo yatengemae. Siku zote inaanzia usiku ule Yesu aliposalitiwa, alipotwaa mkate na kushukuru akijua nani ameshika kisu. Waliokombolewa walioishi Masasi hawakuweza kushukuru kwa kusema sisi tumepona na wengine hawakupona. Wao walikuwa hao wengine. Wakapiga magoti hivyohivyo. Ninapochoka na hotuba za shukrani zinazotaka nitabasamu, huwarudia wao.

Haya ni makubwa. Maisha ya kila siku yana mambo madogo, na hapo ndipo shukrani inapolegea.

Mtwara tunaishi kwa korosho, na korosho ni kazi ya mikono mingi. Kuna palizi. Kuna kupulizia salfa kuzuia ubwiri unga maua yanapotoka, mtu akitembea chini ya mikorosho na mashine mgongoni, macho yakiwasha. Kuanzia Oktoba kuna kuokota: unainama chini ya mti, unachukua bibo lililoanguka, unapindua korosho mpaka inyofoke, unaitupa kwenye ndoo, unainama tena. Mara nyingi anayeinama ni mwanamke na watoto wanaotoka shule. Kisha zianikwe, zichambuliwe, nzuri zitengwe na chafu, zijazwe kwenye gunia, zipelekwe ghala la chama cha msingi. Mnada ukipita, fedha inaingia benki. Akaunti ina jina moja, na mara nyingi ni la baba.

Basi Jumapili baba anasimama kanisani na bahasha ya shukrani. Anamshukuru Mungu kwa msimu mzuri, anapigiwa makofi, waimbaji wanamsindikiza. Mke wake amekaa upande wa kina mama na mgongo bado unamuuma. Je, nyumbani amemshukuru? Yohana katika waraka wake wa kwanza anashangaa mtu anawezaje kumpenda Mungu ambaye hajamwona, naye hampendi ndugu anayemwona. Ningethubutu kusema vivyo hivyo juu ya shukrani. Sala inayomruka aliyepika, aliyeokota, aliyechota maji, haijafika mbinguni. Imeishia kwenye paa la kanisa.

Desmond Tutu alisimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto Afrika Kusini aliona padri Mzungu akimwinulia mama yake kofia kwa heshima, mama ambaye kazi yake ilikuwa kupikia watu na kusafisha. Padri huyo alikuwa Trevor Huddleston, ambaye kuanzia mwaka 1960 alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Lilikuwa tendo la sekunde chache. Mtoto alilibeba mpaka uaskofu mkuu.

Kwa hiyo naanza na lililo karibu, na nina ushauri wa vitendo. Ignasi wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku iliyokwisha, na hatua ya kwanza ni kushukuru, kabla ya kutafuta dhambi. Fanya hivyo wakati wa kulala, taa ikiwa imezimwa. Usishukuru kwa uhai, afya na uzima kwa mkupuo; maneno hayo yanatoka yenyewe na moyo haushiriki. Taja kitu kimoja chenye mahali na saa. Muuza pweza wa feri aliyeongeza mkia mmoja bila kuombwa. Dereva wa bodaboda aliyesimama kumngoja mwanao avuke. Uji wa asubuhi ulikuwa moto. Kisha jiulize aliyeleta kitu hicho ni nani, na kama anajua kwamba umeona. Kama hajui, kesho una deni kwake la salamu, la simu, au la wewe kufika mwenyewe. Sala ya usiku inakuwa na kazi ya kufanya asubuhi.

Na usipime chako kwa cha mwenzako. Benedikto, katika sura ya 34 ya Kanuni yake, anashughulikia jambo ambalo kila nyumba yenye watoto wengi inalijua: vitu havigawanywi sawa, kwa sababu mahitaji si sawa. Anayehitaji kidogo, anasema, amshukuru Mungu na asihuzunike. Anayehitaji zaidi ajinyenyekeze kwa udhaifu wake na asijivune kwa kuhurumiwa. Kisha anakemea manung'uniko kwa ukali ambao hautumii kwa makosa mengi. Watawa wa Ndanda wamesomewa maneno hayo mezani kwa zaidi ya miaka mia moja. Yanafaa pia kusomwa kwenye nyumba ambayo mtoto mmoja anasoma shule ya kulipia kwa sababu ya ugonjwa wake na wengine wanasoma ya kata.

Sasa lipo jambo ambalo lazima niseme bila kuzunguka. Shukrani inatumiwa kuwanyamazisha watu. Msimu wa mwaka 2018 wakulima wa Kusini walizikataa bei za wanunuzi kwenye minada, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa afadhali. Malipo yalichelewa kwa wengi, uhakiki ukaenda miezi. Mkulima aliyelalamika aliweza kuambiwa na mkulima mwenzake, tena kwa nia njema, "We shukuru tu Mungu, wengine hata mikorosho hawana." Hapo shukrani imegeuzwa kifuniko cha chungu.

Amosi hakuwa na subira na jambo hilo. Katika sura ya nne anawageukia wanaowaonea maskini na kuwaseta wahitaji, na mara anawaambia, kwa uchungu wa dhihaka, waendelee basi kutoa sadaka zao za shukrani na kuzitangaza. Hakuwalaumu kwa kutoshukuru. Walishukuru sana, kwa sauti, hekaluni. Tatizo lilikuwa fedha ya sadaka ilikotoka. Leo ningemwuliza vivyo hivyo mtu wa kangomba, anayenunua korosho za mama mjane zikiwa bado maua kwa bei ya kutupa kwa kuwa mtoto wake amefukuzwa ada, halafu Desemba anakuja mbele ya altare na shukrani nono. Mkulima kudai alichopimiwa kwenye mizani ni sehemu ya kumheshimu Mungu aliyeleta mvua. Zaburi zinalia na kushukuru ndani ya wimbo uleule, wala hazioni haya.

Sikukuu ya mavuno ndiyo siku ambapo haya yote yanakutana. Wanaosali vigangoni wanaijua: vikapu vya mihogo na mbaazi, mikungu ya ndizi, kunde, mayai, korosho, jogoo aliyefungwa miguu akiwika katikati ya kitubio. Baada ya ibada, mnada chini ya mwembe. Mwenye sauti kubwa anamnyanyua jogoo, bei inapanda kupita bei ya soko mara mbili au tatu, mnunuzi analipa, kisha anamrudisha auzwe tena. Mara ya tatu anayenunua anampelekea bibi aliyekaa kwenye mkeka, asiye na wa kumletea kitoweo. Watu wanashangilia. Katika ibada zetu zote sijui nyingine inayofanana zaidi na Kumbukumbu la Torati sura ya 26.

Pale mkulima anachukua malimbuko, anayatia kikapuni, anampelekea kuhani. Haruhusiwi kusema asante akaondoka. Anatakiwa asimulie: babu yangu alikuwa mtu wa kutangatanga, alishuka Misri, tuliteswa, tulitolewa, na sasa nimeleta hiki. Kisha inaagizwa kwamba atafurahia mema hayo pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Mgeni ametajwa kwa makusudi. Kikapu hakijakamilika mpaka naye ale.

Kwetu mgeni huyo anajulikana anakotoka. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa ikiungua kwa mashambulizi yaliyoanzia Mocímboa da Praia. Machi 2021 Palma ilishambuliwa, mji ambao si mbali na mlango wa Ruvuma, na watu walikimbilia mtoni na baharini, wengine wakavuka kuja kwetu. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka wao, wakaua watu na kuchoma nyumba Kitaya, upande wetu. Kwa hiyo hata kusema sisi tuna amani, wao hawana, si kweli yote. Wapo Mtwara wanaolala na ndugu wa ng'ambo chumba cha nyuma, watoto wa shemeji, mjane wa binamu, wasioandikwa popote, na ugali wa muhogo uliokuwa wa watu watano sasa ni wa tisa.

Torati inaendelea. Kila mwaka wa tatu mkulima anarudi mbele za Mungu na safari hii anatoa hesabu kwa kinywa chake: kwamba sehemu iliyowekwa wakfu ameiondoa nyumbani mwake, na amewapa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Anaitamka yeye mwenyewe, hasemewi. Hesabu hiyo inaweza kuombwa kigangoni Mahurunga au Kitaya siku ya mavuno, kabla jogoo wa kwanza hajanyanyuliwa mnadani: mwenyekiti wa kila jumuiya asimame ataje kaya zenye wageni katika eneo lake, wanakula nini, na msimu huu wamepelekewa gunia ngapi.